Mkanda Ulioharibiwa na Watoto: Uchambuzi wa "Dogs of War" ya 1923

Mwongozaji ameketi kwenye chumba cha maonyesho kutazama picha alizopiga. Taa zinazimwa, mkanda unaanza kuzunguka, na waigizaji wake, watu wazima na akili zao, wanatokea kwenye skrini kama alivyowapanga. Shida ni kwamba hawako peke yao. Ndani ya fremu ileile, juu ya miili yao na kupitia miili yao, kuna watoto wanaoigiza sinema nyingine kabisa. Wana stelingi wao mwenye madoadoa usoni, wana mpenzi wa stelingi, na wana adui ambaye umri wake haujafika hata miaka sita. Mwongozaji anapandwa na hasira, na kuanzia hapo ni mbio tu.

Hicho ndicho kisa cha "Dogs of War", komedi fupi isiyo na sauti iliyotoka tarehe 1 Julai 1923. Ina roli mbili, yaani muda wa dakika ishirini hivi kutegemea kasi ya kuizungusha. Ilitengenezwa kwenye studio za Hal Roach, Culver City, California, ikaongozwa na Robert F. McGowan na kusambazwa na Pathé. Ni ya 14 katika mfululizo wa "Our Gang", ulioanza 1922 na kufikia filamu fupi 220 kabla ya kukoma 1944. Wengi wanaoufahamu mfululizo huo leo wanaufahamu kwa jina la televisheni, "The Little Rascals", na wanaufahamu ukiwa na sauti. Miaka yake ya kimya haitazamwi sana, na kwa maoni yangu ndiyo miaka yake bora. Nimeichagua filamu hii moja kwa sababu studio inajicheka yenyewe ndani yake, na katika kujicheka huko inatuachia mlango wazi tuone kazi ilivyokuwa ikifanyika.

Hadithi haina mafundo. Watoto wa mtaa wanacheza vita, vita vile vilivyokuwa vimekwisha miaka mitano tu nyuma huko Ulaya. Jina la filamu limetoka kwa Shakespeare, kwenye maneno ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari, katika ile tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo watazamaji wa 1923 walikuwa wanaletewa jina zito la damu na visasi, halafu kwenye skrini wanakuta vitoto vinavyopigana vita vya mtaani. Katikati ya mchezo inajulikana kwamba Mary ameitwa kazini. Amepata nafasi ya kuigiza kwenye studio ya jirani, na malipo yake ni dola tano. Kusikia dola tano, vita vinakwisha papo hapo. Kila mmoja anataka kuwa mwigizaji. Mlinzi wa getini hawataki, wao wanapenya. Wakishaingia wanajaribu kujifanya watu wa maana, na kila wanapogusa wanaharibu. Hatimaye wanaamua kujitengenezea filamu yao, Mickey akiwa stelingi, Mary mpenzi wake na Jackie adui. Mkanda wanaoutumia ndio uliokwisha kubeba picha za filamu ya wakubwa.

Kabla ya kuuchambua mkanda huo, tuangalie watoto wenyewe walikuwa kina nani. Mickey Daniels alikuwa na miaka minane, mwenye nywele nyekundu na uso uliojaa madoadoa. Mary Kornman alikuwa na saba, na baba yake, Gene Kornman, alikuwa mpiga picha mnato wa Harold Lloyd, mchekeshaji maarufu wa filamu za kimya, kwa hiyo msichana huyu hakuokotwa barabarani kama hadithi za matangazo zinavyopenda kudokeza. Jackie Condon, yule adui, alikuwa na mitano. Joe Cobb, mtoto mnene kutoka Oklahoma, alikuwa mgeni wa mwaka huohuo. Ernie Morrison, aliyejulikana kwa jina la Sunshine Sammy, alikuwa na kumi, na ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote: Roach alikuwa amempa mkataba tangu 1919, mfululizo wenyewe ukiwa bado haujafikiriwa, na anatajwa miongoni mwa waigizaji weusi wa kwanza kabisa kupata mkataba wa muda mrefu Hollywood. Na kulikuwa na Allen Hoskins, Farina, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu.

Hal Roach aliisimulia mara nyingi asili ya mfululizo huu. Siku moja alikuwa ameletewa msichana wa kujaribiwa, amepakwa vipodozi, amekaririshwa kila neno na kila mkono, na Roach akachoka. Msichana alipoondoka, Roach akatazama nje dirishani akaona watoto wakigombania vijiti kwenye yadi ya mbao ng'ambo ya barabara. Mdogo kuliko wote alikuwa amechukua kijiti kikubwa kuliko vyote, na mkubwa kuliko wote alikuwa anakitaka. Roach akajikuta ameduwaa pale kwa robo saa akifuatilia ugomvi ambao hata haukuwa na maana. Akajiambia kwamba kama mtu mzima mwenye shughuli zake anaweza kusimama robo saa kutazama hilo, hata watu wa sinema watalipa kulitazama.

Ni simulizi nzuri mno, na simulizi nzuri mno za watu wa Hollywood huwa nazipokea kwa mkono mmoja. Lakini hata ukilitilia shaka dirisha, msichana wa vipodozi anasema kweli kuhusu biashara ya wakati ule. Mwaka 1921 Charlie Chaplin alikuwa ametoa "The Kid", Jackie Coogan akawa mtoto maarufu kuliko wote duniani, na mama wengi wa California wakawa wanazunguka studio hadi studio wakiwa wamewashika watoto wao mkono. Roach alitaka kinyume chake. Alitaka watoto wanaoonekana kama hawajui kwamba kuna kamera.

Hapo teknolojia ilimsaidia. Filamu nyeusi na nyeupe iliyotumika sana wakati ule ilikuwa haiioni vizuri rangi nyekundu. Chochote chenye wekundu au hudhurungi kilitoka cheusi. Watu wazima walilazimika kupakwa poda nzito ili nyuso zao zisitoke na mabaka. Madoadoa ya Mickey, ambayo kwa macho ya kawaida yangekuwa mepesi, kwenye mkanda yanatokea kama amenyunyiziwa wino. Mtaalamu wa vipodozi wa studio nyingine angeyafuta. Hapa yaliachwa, na ndiyo yaliyofanya uso wa mtoto huyu utambulike hata ukikaa viti vya nyuma kabisa ukumbini.

Sasa turudi kwenye mkanda ulioharibika.

Picha mbili haziwezi kulala kwenye fremu moja kwa bahati mbaya tu. Ili hilo litokee, mkanda lazima upite mbele ya lenzi mara mbili. Mara ya kwanza unapokea picha ya wakubwa. Kisha unarudishwa nyuma gizani, bila kuona mwanga hata chembe, unapitishwa tena, na safari hii unapokea watoto. Kwa kamera za miaka ile kazi hiyo kwa kawaida ilifanywa ndani ya kamera yenyewe, kwa mkono. Mpiga picha alizungusha mpini kwa kasi ileile bila kuyumba, akihesabu mizunguko, akaandika alipoanzia na alipoishia. Alipima mwanga wa kila upande, maana picha moja ikizidi, nyingine inazama isionekane. Akikosea hesabu, mtoto anatokea kabla mtu mzima hajaingia, na kichekesho kimekufa.

Kwa hiyo tazama tunachoambiwa na tunachoonyeshwa. Hadithi inatuambia kwamba watoto wameshika kamera wasiyoijua na kuharibu kazi ya watu. Lakini ili tuuone uharibifu huo, mpiga picha wa Roach alitakiwa kufanya kazi ngumu kuliko picha nyingine yoyote ndani ya filamu nzima. Fujo ile imepimwa kwa rula. Kila nikiitazama sehemu hiyo najikuta sicheki na watoto peke yao; nacheka pia na yule bwana asiyeonekana, aliyekesha akihesabu mizunguko ili ionekane hakuna aliyehesabu.

Na huo, naona, ndio uliokuwa utaratibu wa "Our Gang" mzima. McGowan alikuwa zimamoto huko Denver kabla ya kuingia kwenye filamu, na hakuwa mtu wa kuwapa watoto maandishi. Wangeyafanyia nini? Wengine walikuwa hawajajua kusoma. Aliwaeleza tukio kama anavyoeleza mtu mchezo: wewe unajificha huku, huyu anakutafuta, ukimwona unakimbia. Kisha kamera ikaanza kuzunguka naye akaendelea kuongea. Filamu bila sauti ilimruhusu. Aliweza kumwambia Farina geuka, tazama mbwa, lia kidogo, sasa cheka, na hakuna neno lake hata moja lililoingia kwenye mkanda. Ukitazama kwa makini filamu hizi za mwanzo utaona macho ya watoto wadogo yakihama ghafla kuelekea pembeni ya kamera, kisha wanafanya kitu. Wengi huona ni umbumbumbu wa kitoto unaopendeza. Mimi naona sauti ya McGowan, ambayo hatuisikii, ikifika.

Mkanda uliorudiwa mara mbili unaifanya siri hiyo ionekane kwa jicho. Tabaka la chini ni watu wazima na mipango yao. Tabaka la juu ni watoto wanaodhani wanacheza. Mwongozaji wa ndani ya filamu anakasirika kuona matabaka hayo mawili yamegusana. Mwongozaji wa nje, McGowan, alikuwa analipwa kuyagusanisha kila siku, na ustadi wake ulikuwa ni kulificha lile la chini.

Kuna jambo la biashara pia, na halina ushairi wowote. Studio ndani ya filamu inaitwa West Coast Studios, lakini ni studio ya Roach mwenyewe, na seti tunazoziona ni za "Why Worry?", filamu ndefu ya Harold Lloyd iliyokuwa ikipigwa wakati huohuo. Seti zilikuwa zimekwisha jengwa na kulipiwa. Kuwaingiza watoto humo kulimgharimu Roach kidogo sana ukilinganisha na kujenga upya. Zaidi ya hapo, katika zile mbio, watoto wanagongana na Lloyd mwenyewe, pamoja na mwigizaji Jobyna Ralston, ambaye ndiyo kwanza ameanza kucheza naye baada ya Mildred Davis, mwigizaji mwenza wake wa awali, kuolewa na Lloyd Februari ya mwaka huo. "Why Worry?" ilitoka Septemba 1923. Mtazamaji wa Julai alikuwa amelipa kiingilio kutazama watoto, akaondoka ameonyeshwa tangazo la filamu ambayo ingemfikia baada ya miezi miwili na nusu. Leo kampuni zingeita idara nzima ya masoko kulifanya hilo.

Kuwepo kwa Lloyd kuna uchungu mdogo ambao filamu haiutaji. Agosti 1919 alikuwa anapigwa picha za matangazo akiwa ameshika bomu la kuigizia, la mfano tu. Likalipuka. Alipoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, na filamu zake zote zilizofuata alicheza amevaa glavu maalumu. Huyo ndiye anayekutana na watoto ambao dakika kumi na kitu zilizopita walikuwa wakichezea vita.

Siwezi kuiacha filamu hii bila kumzungumzia Sammy na Farina, na hapa sifa zangu zinapungua.

Mwaka 1923, kwenye majimbo ya kusini ya Marekani, mtoto mweusi na mtoto mweupe hawakuruhusiwa kisheria kukaa darasa moja, na kwenye kumbi nyingi za sinema weusi walipandishwa roshani. Kwenye skrini ya Roach watoto hao wanagawana mchezo, wanagawana njaa ya dola tano, wanamkimbia mlinzi yuleyule. Hakuna anayemuuliza Sammy anafanya nini pale. Katika filamu nyingi za mwanzo ni yeye hasa anayetoa wazo, maana ndiye mkubwa na ndiye mwigizaji aliyeiva kuliko wenzake. Muda wake wa kuchekesha ni wa mtu aliyekulia jukwaani. Hilo lilikuwa jambo zito kwa wakati ule, na wanaolitaja kwa heshima wana haki.

Lakini hiyohiyo studio iliandika maneno ya watoto weusi, kwenye vibao vya maandishi, kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa makusudi, wakati kosa la mtoto mweupe lilikuwa ni la utoto tu. Farina alisukwa vinywele vya kusimama na kuvalishwa kiasi kwamba watazamaji hawakujua kama ni wa kike au wa kiume, na kutojua huko kukageuzwa mtaji wa matangazo. Katika mfululizo mzima hofu ya mtoto mweusi, macho yake kutoka pima, nywele zake kusimama, ni kichekesho kinachorudiwa mpaka kinachosha. Wapo wanaosema tuhukumu kwa wakati wake. Sawa, ila hata wakati wake ulikuwa na watu weusi waliokuwa wakikaa kwenye roshani zile wakitazama, nao pia ni wa wakati ule.

Swali zuri kwa "Dogs of War" ni hili: kwenye sinema ya watoto, ile wanayojitengenezea wenyewe, nani ni nani? Mickey ndiye stelingi. Mary mpenzi. Jackie adui. Sammy, mwenye uzoefu kuliko wote waliosimama pale, hakupewa hata mojawapo ya nafasi tatu kubwa. Ndani ya hadithi watoto hao wamevunja kila sheria ya studio: wamepita geti, wamechukua kamera, wameharibu mali. Sheria pekee ambayo haikuwajia akilini kuivunja ni ya nani anaruhusiwa kumbusu nani kwenye skrini. Ni wazi si watoto waliopanga hivyo. Ni lile tabaka la chini la mkanda, limejitokeza tena.

Sammy aliondoka kwenye mfululizo 1924 akaenda kufanya maonyesho ya jukwaani, na baadaye maishani alifanya kazi katika viwanda vya ndege. Farina alibaki hadi 1931, filamu 105, nyingi kuliko wenzake wote wa zama zile, na ukubwani akajitolea kwa kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu. Fedha ni hadithi ya peke yake. Mwaka 1955 filamu hizo zilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani na kurudiwa kila siku mchana, waliozicheza hawakupata malipo ya marudio. Mikataba ya utotoni haikuwa na kifungu hicho. Sheria ya California ya kulinda mapato ya watoto waigizaji ilikuja 1939, baada ya Jackie Coogan, yuleyule wa "The Kid", kugundua ukubwani kwamba fedha zake karibu zote zimekwisha mikononi mwa mama yake na baba yake wa kambo. Ukikumbuka hilo, zile dola tano za Mary zinazowatoa watoto wote vitani zinachekesha kwa namna nyingine.

Utaratibu wa McGowan haukuvuka salama kwenda kwenye sauti. Filamu ya kwanza ya kuongea ya mfululizo, "Small Talk", ilitoka 1929, na kuanzia hapo mwongozaji akawa hana ruhusa ya kufungua mdomo kamera ikizunguka. Maikrofoni ingemnasa. Watoto wakalazimika kukariri, na wasiojua kusoma wakakaririshwa neno kwa neno, yaani kitu kilekile kilichomchosha Roach kwa yule msichana wa vipodozi. Mfululizo ulipata nyota wapya na ukapendwa zaidi, hilo halina ubishi. McGowan mwenyewe alichoka akaachia ngazi 1933.

Tangu tarehe 1 Januari 2019 filamu za 1923 hazina tena ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, kwa hiyo nakala za "Dogs of War" zinapatikana bila malipo. Ubora unatofautiana sana. Epuka zile zinazokimbia kama watu wamepandwa na wazimu. Hizo zimezungushwa kwa kasi ya filamu za sauti, fremu 24 kwa sekunde, wakati kamera za mkono ziliendeshwa polepole zaidi. Ukipata nakala yenye mwendo wa kawaida, tafuta ile sehemu ya chumba cha maonyesho katika roli ya pili, uzime muziki uliobandikwa baadaye, uitazame mara mbili: mara moja uwafuate watoto tu, mara nyingine uwafuate wakubwa tu. Mara ya pili utaona jinsi walivyoachiwa nafasi kwenye fremu mapema, kabla hata ya watoto kufika.